Arobaini ya baba mkwe imegongana na tamasha la vibonzo, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwandishi wa hadithi za vibonzo, naishi Mbagala. Sichori. Kazi yangu ni kutunga kisa, kukigawa kwenye kurasa na visanduku, kumweleza mchoraji kinachoonekana ndani ya kila kisanduku, na kuandika maneno yanayoingia kwenye viputo. Mchoraji wangu yuko Nairobi, anayepaka rangi yuko Kampala, mchapishaji yuko New York. Naeleza hivi kwa sababu hata ndugu zangu, wakiniona mchana niko nyumbani na kompyuta, wananituma benki na gereji kama mtu asiye na kazi.

Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake nyingi ni za usiku. Tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo anaenda chekechea. Mama yao akiwa zamu ya usiku, watoto ni wangu: kuwaogesha, chakula, madaftari, kulala. Shida ni kwamba kikao changu na mhariri huwa saa kumi na mbili jioni, ambayo kwao New York ni saa tano asubuhi. Basi mama anatoka kwenda kazini, mimi naingia kwenye kikao, watoto wanawashiwa televisheni. Wakilala ndipo naanza kuandika, mpaka adhana ya alfajiri. Mke wangu akirudi asubuhi ananikuta nimelalia meza na sare za shule hazijapigwa pasi.

Hayo tulikuwa tunayamudu. Sasa limekuja hili. Baba mkwe alifariki mwezi uliopita huko Tanga, Ngamiani. Wazee wamekaa wakapanga arobaini yake isomwe Jumamosi, wiki tatu kutoka sasa, ili watoto wake walioko Dar, Mombasa na Pemba wafike wote. Jumamosi hiyohiyo kuna tamasha la vibonzo Nairobi. Nimeshalipia meza, vitabu vimeshachapwa, na waandaaji wamenialika kuketi kwenye jopo la waandishi wa Afrika Mashariki. Mhariri mmoja wa Ulaya ambaye tumekuwa tukiandikiana atakuwepo. Tena skripti ya toleo la nne, kurasa 22, inatakiwa Ijumaa, siku moja kabla. Niko ukurasa wa tisa. Na kuna kijitabu cha vibonzo kuhusu malaria cha shirika moja la hapa nchini, nacho dedlaini yake ni wiki hiyohiyo.

Nilipomweleza mke wangu, hakugomba. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, “Fanya unavyoona wewe,” akaendelea kukunja. Shangazi, angegomba ningejua pa kushika. Shemeji yangu mkubwa naye alipiga simu akauliza kama nitafika “safari hii”, maana harusi ya mdogo wao ilinikuta niko tamashani Johannesburg.

Nisipoenda Nairobi naogopa kupotea. Kazi hii ni ya kuonekana. Wapo wenzangu waliopata mikataba kwa sababu tu walikutana na wahariri ana kwa ana. Nikienda Nairobi, sijui nitarudi kwenye nyumba ya namna gani.

Niende wapi? Na hata nikishaenda huko, nitaishije bila kila mwezi kumuumiza mtu?

Mwandishi wa Vibonzo, Mbagala


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba. Poleni na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Nenda Tanga. Nalitoa jibu hili mwanzo ili usiyasome yanayofuata huku bado unapima. Na usifike Jumamosi alfajiri umechoka na basi la usiku, kompyuta mgongoni, ukitafuta pa kuchaji simu. Ondoka Dar Jumatano jioni au Alhamisi asubuhi. Umeoa Tanga, unajua kwamba Jumamosi ni kisomo na pilau. Shughuli yenyewe ni siku mbili za kabla. Kuna turubai la kusimamisha, majamvi na masufuria ya kuazima, kuni za kupasua, mbuzi wa kuchinja, mapipa ya kujaza maji. Mkwe anayeingia wakati kisomo kinaanza ni mgeni kama wageni wengine. Aliyekuwepo nyuma ya nyumba tangu Alhamisi, macho mekundu kwa moshi, anatumwa sokoni na mashemeji na kurudi na vitunguu visivyotosha, huyo amefiwa pamoja nao. Shemeji yako alipouliza kama utafika safari hii, alikuwa anauliza hilo.

Mkeo alipokwambia ufanye unavyoona, hakukupa ruhusa. Huyo ni binti aliyefiwa na baba yake, anakesha wodini na wagonjwa wa watu, halafu anawekewa mbele yake arobaini ya baba na meza ya vitabu apime ipi nzito. Alikosa la kujibu. Usimrudishie swali hilo hata kwa upole. Mpelekee mambo yaliyokwisha kufanyika: tiketi zimekatwa, watoto wameombewa ruhusa shuleni, mchango wako umeshatumwa kwa shemeji mkubwa. Akiyaona hayo, yeye mwenyewe ataanza kuzungumza, na hapo kazi yako ni kusikiliza.

Sasa Nairobi. Kwa miaka mingi nilikuwa mhariri wa majarida ya vibonzo hapa Dar, kwa hiyo hapa naomba niongee kama mtu wa kazi hiyo.

Meza ya tamasha inamfaa zaidi mchoraji. Anakaa anachora, watu wanamzunguka kutazama mkono wake, anauza picha mojamoja, anamchora mtoto wa mtu papo hapo na analipwa. Mwandishi ana vitabu na sahihi yake, basi. Na mchoraji wako anaishi hukohuko Nairobi! Mpe meza. Funga vitabu vizuri, vipeleke kwa basi linalopita Namanga siku kadhaa mapema, na ndani ya boksi uweke karatasi yenye idadi na bei ili forodha wasije wakalizuia kwa kukosa maelezo. Kabla boksi halijaondoka mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kila kitabu kikiuzwa yeye anapata ngapi na wewe ngapi. Nimeona waandishi na wachoraji waliopendana kama ndugu wakaacha kusalimiana kwa hesabu ndogo za namna hiyo.

Waandaaji waandikie leo. Waambie ukweli, kwamba una arobaini ya baba mkwe, na uwape jina la mwandishi mwenzako anayeweza kukaa kwenye jopo badala yako. Wanaijua misiba, wataelewa. Wanachoshindwa kusamehe ni kiti kitupu mbele ya watu waliokwisha kulipa kiingilio.

Yule mhariri wa Ulaya nataka umfikirie vizuri. Mhariri tamashani anasimamishwa na watu tangu asubuhi. Jioni ana mfuko wa vitabu na kadi ambazo hakumbuki nani alimpa ipi. Mwandishi kumwonyesha skripti katika kelele zile ni shida, maana skripti inasomwa kwa utulivu. Mtumie wiki hii ukurasa mmoja wa muhtasari wa hadithi unayotaka kumuuzia, na kurasa tano sita za skripti zikiwa sambamba na kurasa hizohizo zilivyochorwa, aone maneno yako yanageukaje kuwa picha. Mwombe nusu saa ya kuongea kwa video juma linalofuata tamasha. Mwambie mchoraji wako amtafute amsalimie kwa niaba yako, amwachie kitabu.

Nije kwenye toleo la nne, kwa sababu hapa ndipo barua yako inapouma, na si kwa mkeo peke yake. Vibonzo vya Marekani vya kila mwezi huwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi, na mchoraji mwenye kasi nzuri humaliza ukurasa mmoja kwa siku. Nyuma yake yupo wa rangi, kisha wa kuweka maneno, kisha kiwanda cha chapa. Kila siku unayochelewa, kuna mtu Nairobi na mtu Kampala wamekaa hawana cha kushika, na wengi wao hulipwa kwa ukurasa. Nao wana kodi ya nyumba na watoto.

Lakini hakuna sheria inayosema skripti lazima ifike yote siku moja. Una kurasa karibu tisa. Zipitie leo na kesho, zitume. Huyo mchoraji ameshapata kazi ya zaidi ya wiki nzima, na wewe umepata nafasi ya kupumua. Wapo waandishi wanaokataa kufanya hivi kwa kuogopa kubadilisha mambo mbele ya safari, na hofu yao ina msingi. Dawa yake ni kuambatanisha muhtasari wa kurasa zilizobaki, ukurasa kwa ukurasa, sentensi mbili mbili. Kwa mfano, mchoraji ajue kuwa mlinzi wa geti anayeonekana ukurasa wa tatu atarudi ukurasa wa kumi na nane, ili tangu mwanzo ampe sura ya kukumbukwa na asimfiche chini ya kofia. Ajue mvua itanyesha kuanzia ukurasa wa kumi na mbili. Ukishaandika muhtasari huo, na zile kurasa kumi na tatu zilizobaki zitakuja upesi zaidi, kwa sababu utakuwa umeshajua unakoelekea. Zimalize kabla ya Jumatano ya safari. Kompyuta ibaki Dar.

Mhariri wako umwandikie kabla hajakuuliza. Siku zile nikiwa kwenye kiti hicho, kuchelewa kwa siku tatu kulinisumbua, lakini ukimya ulinikosesha usingizi, maana kiwanda kinasubiri na sijui nimwambie nini. Barua iwe fupi: “Kuna msiba katika familia, nitakuwa safarini bila kompyuta kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Kurasa 1 hadi 9 nimezituma leo pamoja na muhtasari wa zilizobaki. Kurasa 10 hadi 22 utazipata Jumatano.” Usijieleze zaidi ya hapo.

Kijitabu cha malaria kisikukoseshe raha. Kazi za mashirika hupita kwa wataalamu wa afya na kamati kabla ya kuchapwa. Ukiomba mapema nyongeza ya siku kumi, kwa kawaida utazipata.

Umeniambia kazi hii ni ya kuonekana. Ni kweli, ila naona unatazama mahali pasipo. Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo la Kenya kwa kibonzo chake cha Juha Kalulu kwa miongo mingi. Christian Gregory aliwapa wasomaji wa gazeti la Uhuru kibonzo cha Chakubanga mpaka jina lenyewe likaingia kwenye maneno ya watu. Hawakujulikana kwa meza. Walijulikana kwa sababu msomaji alipofungua gazeti aliwakuta. Sisi kwenye majarida tulijua jambo hilohilo: toleo likikosekana mitaani, muuza magazeti alikuwa wa kwanza kuulizwa, na akiulizwa mara kadhaa bila jibu, msomaji alihamia kwingine. Kitakachokuonyesha kwa wahariri ni toleo la nne kutoka kwa wakati na kuwa zuri. Tamasha linasaidia kazi iliyokwisha kusimama. Lagos wana lao tangu 2012, Johannesburg tangu 2018, San Diego tangu 1970, yatakuwepo mwakani. Arobaini ya mzee ni hii moja.

Tena kuna mtu aliyeondoka kabisa akarudi. Bill Watterson, mchoraji wa Calvin na Hobbes, alipumzika kuanzia mwaka 1991 hadi mapema 1992, akapumzika tena mwaka 1994, miezi kadhaa kila mara, wakati katuni yake ikiwa miongoni mwa zinazopendwa zaidi magazetini. Aliporudi wasomaji walikuwa wanamngoja. Wewe unaomba siku nne.

Usiku wako unanitia hofu kuliko mengine yote. Katika waandishi wa vibonzo ambao hawakuchora, yupo mmoja ninayemheshimu sana, Mfaransa René Goscinny, aliyemtunga Astérix akishirikiana na mchoraji Albert Uderzo mwaka 1959. Huku akiandika Astérix aliandika pia Lucky Luke na Iznogoud, na akawa mhariri wa jarida la Pilote. Alifariki Novemba 1977 mjini Paris, akiwa kwa daktari anapimwa moyo, ana miaka 51, akaacha mke na binti wa miaka 9. Kisa cha Astérix kilichokuwa mkononi, cha safari ya Ubelgiji, kilikuwa bado kinachorwa, na Uderzo alizimaliza kurasa zilizobaki kwa kuzitia mvua na mbingu za kijivu mpaka mwisho. Siwezi kusema kazi ndiyo iliyomuua, mimi si daktari. Nasema una mke muuguzi ndani ya nyumba: mwombe akupime presha wiki hii, na ukubali atakachokwambia.

Kuandika usiku kucha kunaanzia kwenye kile kikao cha jioni, kwa hiyo anzia hapo. Mwombe mhariri akisogeze kiwe saa tatu asubuhi yao. Kwako hiyo ni saa kumi jioni katika miezi yao ya joto, na saa kumi na moja saa zao zikibadilika Novemba. Mkeo bado yuko nyumbani, watoto wanacheza nje, na saa kumi na mbili kompyuta imefungwa. Wahariri wengi hawajui kwamba wamekukalia kwenye chakula cha jioni, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kisha uandike asubuhi, watoto wakishaenda shule na mkeo amelala baada ya zamu. Nyumba haitakuwa na utulivu kuliko saa hizo. Simu ya ndugu wa benki na gereji izimwe mpaka saa saba mchana. Watanuna mwezi wa kwanza, halafu watazoea.

Ratiba ya zamu za mkeo itakapotoka, ibandike ukutani, na dedlaini zako uzipange kwa kuizunguka hiyo, ukihesabu kutoka siku ya chapa kurudi nyuma. Zile wiki ambazo zamu zake ni za mchana ndizo wiki zako za kurasa ngumu. Ukipata wiki tulivu, andika kisa kimoja kifupi kinachojitegemea, kisichofungamana na toleo lolote, umwachie mhariri akiweke kwenye droo. Wachapishaji wakubwa wa Marekani walikuwa na desturi ya kuweka hadithi za akiba kama hizo kwa ajili ya miezi ambayo mwandishi au mchoraji amekwama. Siku mtoto akiugua, toleo litatoka.

Matamasha nayo uyapunguze. La Nairobi ni la nyumbani, nenda kila mwaka usipokuwa na jambo zito kama hili. La mbali nenda pale tu waandaaji wanapokulipia nauli na malazi, na jibu lako la kwanza kwao liwe kwamba utawajibu ukishaongea na nyumbani. Hilo halikushushii hadhi hata kidogo.

Bado kuna mkataba. Toleo la kila mwezi kwa mwandishi mwenye watoto wadogo, mke wa zamu za usiku na kazi za mashirika pembeni ni mzigo mkubwa. Mkataba wa sasa ukiisha, kabla hujasaini mwingine, omba hadithi itoke kila baada ya miezi miwili, au itolewe kwa mfululizo wa matoleo machache kisha mapumziko. Wachapishaji wengi siku hizi wanafanya hivyo, na wachoraji wao ndio wanaofurahi zaidi. Ongea na mchoraji wako kwanza, kisha mwandikieni mhariri barua moja yenye majina yenu wote wawili.

Mfikishie mama mkwe salamu zangu za pole.

Shangazi